Ngumi Moja ya Bukari

Neno kalori nimekua nalo. Baba yangu alifanya kazi ya shaba kabla ya mume wangu, na siku ya mposho, siku kampuni ilipogawa chakula cha mwezi, tulipanga foleni na mifuko yetu: unga, maharagwe, mafuta ya mawese, samaki wa chumvi. Mama zetu walisema wakubwa wameshahesabu kalori za kila mfanyakazi ili asianguke kazini. Kwetu watoto, kalori ilikuwa kitu kizuri kilichokaa ndani ya mfuko wa unga, na aliyepata nyingi alikuwa na bahati.

Kwa hiyo nilipoambiwa, nikiwa tayari mama wa watoto wanne, kwamba mume wangu anakula kalori nyingi mno, nilicheka. Nilidhani anasifiwa.

Muuguzi wa zahanati ya kambi hakucheka. Alikuwa kijana wa miwani, mpole. Alinipa karatasi iliyopigwa taipu, yenye vipimo vya chakula, akasema: "Mama, hii iko sukari. Iko mu damu na iko mu mukojo. Bwana yako anasimama mbele ya tanuru. Siku moja kichwa itazunguka, ataanguka mu shaba ya moto. Bakubwa hawawezi kumuacha pale."

Akanieleza jinsi mambo yatakavyokwenda. Mume wangu atapewa miezi mitatu. Baada ya hapo atapimwa na daktari kwenye hospitali kubwa. Sukari ikiwa imeshuka, ataendelea na kazi. Ikiwa bado iko juu, wataandika kwamba hafai tena, na atatolewa. Muuguzi hakuhitaji kunieleza yaliyobaki. Nyumba ya kambi ni ya mtu aliye kazini. Kazi ikienda, nyumba inakwenda, na mposho unakwenda.

Nilisoma mpaka mwaka wa nne kwa masista. Karatasi niliweza kuisoma, lakini namba zake hazikunisaidia, maana zilikuwa za gramu na nyumbani hatukuwa na mizani. Basi nilipima kwa mwili wangu. Bukari, ule ugali wetu wa mahindi, ngumi moja. Ngumi yangu, siyo yake. Samaki, kiganja bila vidole. Sombe, majani ya muhogo, upawa mzima, lakini mafuta ya mawese kijiko kimoja tu na karanga hapana. Chai bila sukari. Bukari niliipapasa kwa mgongo wa mwiko uliolowa maji mpaka ikawa laini kama yai, nikaiweka ndani ya gameli, bakuli lake la bati lenye kifuniko, samaki pembeni, majani upande wa pili. Nililifunga kwa kitambaa, naye akaondoka nalo alfajiri.

"Mama, hii bukari iko ya muntu ao ya ndege?" aliniuliza wiki ya kwanza.

"Iko ya muntu mwenye kutaka kuona bajukuu."

"Basi bajukuu bakuye mbio. Nitakufa na njaa mbele bazaliwe."

Wenzake wa tanuruni walimuuliza kama nimemfukuza nyumbani, kama kampuni imepunguza mposho wake peke yake. Alinisimulia hayo akicheka, na alikula alichopewa. Sikuwahi kumwona mtu mwenye njaa vile akiwa mtiifu vile. Nilimpenda sana miezi ile. Ndiyo maana mengine yaliingia.

Kwenye mlango wa kiwanda palikuwa na mwanamke mwenye mbabula, jiko la makaa. Wafanyakazi walimwachia bakuli zao asubuhi, naye saa sita aliwapashia chakula. Alikuwa mjane. Nilianza kumjua kwa maneno kabla sijamwona. Mume wangu alirudi jioni akasema: yule mama wa mlangoni anasema mvua itachelewa. Yule mama anasema maharagwe yamepanda bei soko la Ruashi. Yule mama ametoka kwetu kaskazini, kijiji cha ng'ambo tu ya mto. Walisemezana Kiluba. Mimi nimezaliwa upande wa Sakania, na katika Kiluba nilijua salamu na matusi tu.

"Anakupashia nini?" nilimuuliza siku moja.

"Chakula."

"Chakula ya nani?"

"Yako, Mama. Kuko na ingine?"

Alicheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kuosha gameli. Niseme ukweli: kila jioni niliinusa kabla ya kuiosha. Nilitafuta harufu ya mchuzi ambao si wangu, karanga, nyama, kitunguu cha kukaanga. Sikuipata hata mara moja. Hilo halikunituliza. Gameli ilipokuwa safi sana nilifikiri ameiosha ili nisijue.

Mkanda wa mume wangu ulirudi ndani matundu mawili. Alhamisi ya mwisho kabla ya kupimwa, muuguzi wa miwani alitia dawa ndani ya mkojo wake, na rangi haikugeuka: sukari haikuwamo. Alinipa mkono, mimi, siyo mgonjwa. "Jumatatu aende hivihivi," akasema. "Musibadilishe kitu." Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia.

Ila kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumapili, na Jumapili ile kampuni iliwavisha medali watu waliofanya kazi miaka mingi. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Kadi ilisema aje na mke wake, kwenye klabu ya wakubwa, mahali ambapo sisi watu wa kambi tulipajua kwa ukuta wake na sauti ya mipira ya tenisi nyuma ya ukuta. Nilishonewa kikwembe kipya cha kitenge. Yeye aliazima abakosti ya kaka yake, koti la heshima lisilo na tai. Ilimpwaya mabegani, na alipofunga vifungo nikaona amekuwa kijana tena, shingo ndefu, taya limejitokeza. Mkono wangu ndio uliomrudisha hivyo. Wazo lililofuata lilikuwa hili: kama mimi namwona, na wengine wanamwona.

Hotuba zilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali. Wachezaji waliovaa nguo za chama waliimba na kukata viuno kwa ajili ya mkubwa wa nchi, tukapiga makofi, wakarudia, tukapiga tena. Medali zilipokwisha kubandikwa, bwana mmoja wa ofisini alisema bufe iko tayari.

Sisi wanawake wa kambi tulisimama wote kwa mara moja. Kwetu mwanamume hashiki upawa mke wake akiwapo. Akijipakulia mbele ya watu, anamtangaza mke wake kuwa hana kazi. Tulikwenda kuwapakulia waume zetu, viti vikaanguka.

"Bamama, mukae!" yule bwana akapaza sauti. "Mukae, tafazali! Bufe haiko vile. Kila muntu atajichukulia. Kwanza wenye medali!"

Tukakaa. Karibu yangu alikuwa mke wa kapita, msimamizi wa zamu ya mume wangu, mwanamke mnene, mcheshi. Alijipepea na kadi yake. "Sasa miye nilikuya kufanya nini hapa? Kupigisha kikwembe hewa?"

Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti na kumtazama mume wangu akienda na sahani tupu mkononi. Meza ilikuwa ndefu, imefunikwa kitambaa cheupe. Upande wa pili walisimama wanawake waliokodiwa siku ile kupika na kusaidia, kila mmoja na sufuria yake. Wanaume hawakujua waanze wapi, wengi wakasukuma tu sahani mbele. Kwenye sufuria ya bukari alisimama mwanamke mmoja, na nilimjua kabla ya mtu kuniambia, kwa sababu mume wangu alipofika kwake alisimama vizuri, akasema neno, naye akacheka akifunika mdomo.

Ningependa kuandika kwamba alikuwa mzuri. Ingenisaidia. Alikuwa mfupi kama mimi, amefunga kitambaa kilichochujuka, jino moja la mbele halipo. Hakumuuliza mume wangu anataka nini. Alilowesha mwiko, akakata bukari, akaipapasa kwa mgongo wa mwiko. Akachota majani kwenye sufuria ya jirani, akayaegemeza ukingoni mafuta yatoke. Akachagua samaki.

Mume wangu alirudi akaweka sahani mezani. Niliitazama. Ngumi moja, laini kama yai. Samaki, kiganja bila vidole, pembeni. Majani upande wa pili. Ilikuwa sahani yangu. Nilijisikia kama mtu anayekutana njiani na mwanamke mwingine amevaa nguo yake.

"Nani alikupimia?"

"Yule mama wa mulango. Njo ule pale."

"Anajua kipimo yako?"

"Anajua," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema jua limetoka, akachukua uma.

Nimefikiri miaka mingi juu ya dakika ile. Mwanamke yule angempakulia nyama na mafuta, ningefurahi. Ningeinyanyua sahani, ningemkemea mume wangu mbele ya wote, ningekuwa mke anayelinda maisha ya mtu wake. Lakini hakuniachia cha kurekebisha. Alifanya kazi yangu, na aliifanya sawasawa.

Waliita wanawake. Nilichukua sahani na sikwenda kwenye bukari. Nilikwenda mwisho mwingine wa meza. Nilipakua wali uliong'aa mafuta, nyama ya nguruwe na ngozi yake, kuku wa karanga, viazi vya kukaanga, ndizi zilizopikwa na sukari. Juu ya ukingo nikabandika kipande cha keki yenye krimu.

"Mama, hii yote ya nani?" mke wa kapita aliuliza nyuma yangu.

"Ya bwana yangu."

"Eee! Na ile sukari yake?"

"Leo iko sikukuu."

Kila nilipochota nilimtazama mwanamke wa bukari, naye alinitazama, mwiko wake umesimama hewani. Alikuwa ameacha kucheka. Nilifurahi kwamba ameacha kucheka. Huo ndio ukweli wake, sina mwingine.

Mume wangu alikuwa hajala zaidi ya matonge mawili. Nilivuta sahani ile kwangu, nikaweka yangu mbele yake.

Alinena chini chini. "Mama, kesho iko vizite ya docteur."

"Najua."

"Na karatasi?"

"Karatasi niliikunja leo. Kula."

Wenzake mezani walikuwa wameshaona, wakamwita sitwayeni, raia, kama kwenye hotuba. "Ee, sitwayeni! Muke anakupatia sahani kama kilima, na wewe unamuangalia? Kama haumutaki, sema!" Wakacheka, mmoja akapiga meza. Sahani ambayo mke ameiweka mbele ya watu, mwanamume wa kwetu haisukumi. Akiisukuma, kesho kambi nzima inajua ndoa imekufa. Nililijua hilo nilipokuwa nachota. Nililitegemea.

Alinitazama usoni. Kisha akageuza macho kidogo kwenye meza ndefu, kwenye sufuria ya bukari, akanirudia. Nafikiri alielewa yote, kwa sababu hakuniuliza tena. Alikula wali, alikula nguruwe na ngozi yake, alikula ndizi, akamaliza keki na kukusanya krimu kwa kijiko. Ile sahani nyingine niliila mimi. Haikuwa na chumvi nyingi, haikuwa na mafuta mengi. Ilikuwa chakula changu kabisa, na niliimaliza yote.

Jumatatu asubuhi niliukuta mtungi wa maji mtupu karibu na kitanda; kiu ilimfanya aunywe wote usiku. Yeye alikuwa amekwisha kuvaa. Aliondoka bila kula, kama walivyomwagiza, na bila gameli, maana ilibaki mlangoni mwa kiwanda tangu Ijumaa.

Alirudi kabla ya saa sita. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, medali ilikuwa bado juu ya kabati ambapo niliiweka.

"Banakatala," akasema.

Walikuwa wamemkataa kazini.

"Docteur aliniuliza nilikula nini. Nikamuambia, nilikula bufe, miye mwenyewe, juu ya tamaa yangu." Alisema hivyo akitazama mlango. Kisha akaomba maji.

Hakulisema tena. Si mwaka ule, si baadaye. Tulihamia Ruashi, kwenye kiwanja ambacho kaka yake alitusaidia kukipata, tukafyatua matofali sisi wenyewe na watoto. Bati lilipovuja hakulisema. Mwezi wa kwanza bila mposho, niliporudi sokoni na unga wa kupimiwa kwa kopo, hakulisema. Tuligombana kama watu wote, na alijua kutukana, lakini sahani ile hakuigusa. Wakati mwingine nilimchokoza ili anitupie, tumalize. Alitoka nje kuangalia matofali.

Miaka baadaye muuguzi mwingine aliniambia kwamba sahani moja peke yake haivunji mwili, kwamba huenda sukari ilikuwa inangoja tu, na siku nyingine ingemkamata. Nimeliweka neno lake. Lakini yeye alizungumza juu ya chakula. Hakujua mkono wangu ulikuwa unafanya nini kwenye meza ile.

Na kuna jambo sijamwambia padri wala watoto. Ruashi nilikuwa na furaha. Mwezi wa kwanza nililia nyumba ya kambi, bomba lake la maji, jirani zangu. Mwezi wa pili niligundua kwamba silali tena na wasiwasi. Hakukuwa na mlango wa kiwanda, hakukuwa na mbabula. Saa sita alikula mbele yangu, ngumi moja, kutoka sufuria yangu, na maneno aliyonisimulia jioni yalikuwa yale niliyoyasikia mwenyewe. Watoto walitembea mbali kwenda shule, mume wangu alisukuma toroli la mchanga wa watu, na mimi moyoni nilijiona nimeshinda. Sahani ile naionea aibu. Furaha ile naionea aibu zaidi.

Alikufa wakati wa mvua. Sukari ilichukua kwanza vidole vya mguu, kisha mguu, kisha yeye. Kilio kilikaliwa vizuri, watu wa tanuruni walikuja na gari zima, mke wa kapita alilala nami kwenye mkeka siku zote. Kisha wakaenda, mikeka ikarudishwa parokiani, nikabaki na uwanja uliofagiliwa.

Wiki tatu baadaye, mchana, mwanamke aliingia uani na furushi kifuani. Amezeeka, kitambaa kipya, jino lilelile halipo. Alivua viatu mbali, akakaa chini, akamlilia mume wangu inavyotakiwa, kwa Kiluba, kwa sauti. Nilielewa neno moja tu, ndugu. Alipomaliza akajifuta uso, akafungua furushi. Ilikuwa gameli.

"Mama, kintu yako," akasema. "Alikiacha kwangu mbele ya vizite, hakurudia. Nikasema atakuya kukamata. Kisha nikasema nitakipeleka miye. Nikasikia haya."

"Haya ya nini?"

"Ile siku ya medali. Uliniangalia mubaya, mama. Nilijiuliza nilikosa wapi. Kwa maana nilimuwekea sawa vile wewe unawekaka. Kila saa sita nilikuwa nafungua hii kintu, naona ngumi yako, naona samaki yako kandokando. Miezi tatu! Macho yangu ilishika. Nilikuwa nasema na bale bengine: muangalie, huyu bibi iko na mukono." Aliifuta gameli kwa ncha ya kitambaa, ingawa ilikuwa inang'aa. "Na yeye alikuwa anaringa nayo. Anabaonyesha: bibi yangu njo anapima."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Uani tulikuwa wawili tu. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kumuuliza kama amekula.

"Tangu asubui, hapana."

Nilikoroga bukari. Palikuwa na sombe ya jana na samaki. Nililowesha mwiko, nikakata, nikapapasa, na nilipomletea sahani ndipo nilipoona mkono wangu umefanya nini: ngumi moja, laini, samaki pembeni.

Aliitazama, akanitazama. "Mama," akasema, "miye siko na sukari."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kilio. Alicheka naye, akafunika mdomo vilevile. Nikachukua sahani, nikaongeza ngumi ya pili, na ya tatu, na mafuta bila kupima.

Alikula kwa raha, akinisimulia habari za mlangoni, nani amestaafu, nani amekufa. Nilimsikiliza. Nilijua sitamwambia, na sikumwambia. Gameli ilikuwa katikati yetu. Alipokuwa akicheka, nilikuwa bado najiuliza, na leo bado najiuliza, kama saa sita zile zote alicheka na mume wangu hivyohivyo.